Bondi ya kijani sawa, ila usinunue rangi

Mteja wetu mmoja, mama anauza vitenge Kariakoo, alikuja ofisini anataka kuweka milioni tatu kwenye bondi ya kijani (yaani unaikopesha taasisi hela kwa riba, nayo inaahidi kuitumia kwenye mradi wa mazingira) akauliza, mwanangu hiyo kijani ndo inaongeza riba au rangi tu? Tukacheka wote, ila swali lake la maana sana, maana siku hizi bondi zinakuja na majina mazuri mazuri na mtu ananunua jina.

Chukua ile ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga. Mwaka 2024 walitafuta bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na wakapata kupita walichoomba. Yaani ukiwa na bondi ya milioni 3 ni 405,000 kwa mwaka. Sasa hiyo hela haitoki kwenye ukijani, inatoka kwenye bili za maji za watu wa Tanga, na hayo maji yanatoka mto Zigi unaoshuka Usambara Mashariki, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Watu wakilima mpaka kingo za mto tope linajaa bwawani, kusafisha maji kunakuwa gharama, mapato yanashuka, na anayekulipa wewe riba ndo huyo huyo. Ndo maana tukisoma mambo ya mazingira hatufanyi wema, tunalinda hela ya mama.

Baada ya mazingira tunaangalia mawili mengine, jamii na utawala. Ya jamii hatukai nayo muda mrefu, tunaangalia kama wafanyakazi wanalipwa kwa wakati, kama wateja wanalia bili za kubambikiwa, basi.

Utawala sasa, yaani nani anaiendesha taasisi na hela anaisimamiaje! Hapa ndo tunakesha. Wakenya wanaikumbuka Imperial Bank, Oktoba 2015: walishauza bondi ya shilingi bilioni 2 za Kenya, siku yenyewe ambayo wanunuzi wangeanza kuuziana kule soko la hisa Nairobi ndo siku Benki Kuu ikaiweka benki chini ya uangalizi, kumbe ndani hela zilikuwa zinachotwa miaka na vitabu vinapambwa, na waliokuwa wamenunua wakabaki wanahangaikia chao. Riba ilikuwa nzuri tu, hakuna aliyelalamikia riba.

Kwa hiyo ukituletea bondi au hisa tunafungua waraka wa toleo (kile kitabu anachotoa anayeuza kueleza anauza nini), kwanza ukurasa wa matumizi ya fedha (kama hausemi hela inaenda mradi gani tunaufunga hapo hapo), halafu nani mkaguzi, wajumbe wa bodi ni ndugu wa nani, na nani anahakikisha huo ukijani kila mwaka asiyelipwa kusifia.

Yule mama tulimweleza kwamba ya Tanga ipo DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, unanunua kwa anayeuza kupitia dalali na bei inaweza ikawa juu au chini ya ile ya mwanzo. Kaweka milioni mbili. Moja kairudisha kwenye pochi, anasema ya mzigo wa Desemba hiyo msiiguse.