Aliyebaki ndiye aliyesimulia

Hamilton, Ontario
12 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaanza kutung'ata masikio. Hela ya mabati nimeituma jana kwa simu ya Salimu. Mwambie nitataka kuona picha ya paa, asije akanipa hadithi.

Ama baada ya salamu, jana huku ilikuwa siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliofia vitani. Watu hubandika ua dogo jekundu kifuani, na saa tano kamili wanasimama kimya. Zuhura aliambiwa shuleni aandike habari za shujaa mmoja, basi Jumamosi akaniburuta hadi makumbusho ya ndege za kivita pale uwanja wa ndege. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikasema moyoni nitatafuta benchi nisinzie.

Wapi! Humo ndani ipo ndege ya mabomu aina ya Lancaster, injini nne, tumbo jeusi tii, moja kati ya mbili tu duniani ambazo bado zinaweza kuruka. Wameiita kwa jina la Andrew Mynarski, kijana wa Winnipeg, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alipofariki, alifanya kazi ya ngozi ili nyumbani pasilale njaa. Hapo nikakaa sawasawa kusikiliza.

Usiku wa kuamkia 13 Juni 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wiki moja baada ya majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada kushuka pwani ya Normandy, Ufaransa, yeye na wenzake sita walitumwa kupiga njia za reli za Cambrai, huko huko Ufaransa. Ndege ya Wajerumani ikawakuta angani. Injini mbili za kushoto zikafa, moto ukawaka, rubani akaamuru waruke. Mynarski, aliyekuwa mpiga bunduki wa juu, alishafika karibu na mlango. Akageuza shingo, akamwona Pat Brophy, mpiga bunduki wa mkiani, amenaswa ndani ya kijumba chake cha vioo. Mitambo ya kukizungusha imekufa, na ule mpini wa kuzungushia kwa mkono umemkatikia.

Akarudi, Mama. Alitambaa kwa magoti katikati ya moto, akapiga kwa shoka, kikakataa. Akajaribu kwa mikono mitupu, nguo zake zikiwaka kuanzia kiunoni kwenda chini. Brophy akampungia: nenda, nenda! Ndipo akaondoka kinyumenyume, bila kumpa mwenzake mgongo, na alipofika mlangoni akasimama wima, akapiga saluti. Brophy alimsoma midomo: "Usiku mwema, afande." Ndio ulikuwa utani wao wa kila usiku, kwa kuwa Brophy alimzidi cheo.

Akaruka, parachuti nayo inaungua. Wafaransa walimwokota akiwa hai, lakini majeraha ya moto yakamuua. Ndege ikaanguka na Brophy ndani, ikamrusha nje, akajikuta mzima! Wote sita walipona, akafa yule aliyegeuka nyuma. Nishani ya Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, alipewa 1946, yeye kalala makaburini Méharicourt, Ufaransa.

Sikufichi, hizo ndege ziliteketeza miji na watu wake. Zuhura aliniuliza, "Na waliokuwa chini?" Nikamwambia aliandike hilo swali kwenye kazi yake, mwalimu atamjibu akiweza. Vijana wenyewe nao walikwisha: kati ya warukaji 125,000 hivi wa kikosi kile cha mabomu cha Uingereza, walikufa 55,573.

Ila kilichoninyima usingizi ni Brophy. Ile saluti hakuiona mtu mwingine. Angekufa yeye, Mynarski angekuwa jina tu kwenye orodha, na Zuhura asingekuwa na la kuandika. Nikamkumbuka Babu. Alikwenda kupigana Burma na Keya, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na kilichobaki kwetu ni medali moja kwenye kopo la biskuti na maneno yako, Mama. Wewe ndiye uliyekuwa ukimchua miguu jioni, naye akikusimulia matope, mvua na ruba. Sisi wengine tulikuwa tukikimbizana uani.

Basi nakuomba. Salimu akija Ijumaa akuwekee simu karibu, abonyeze pale pa kurekodi sauti, nawe uongee tu, hata kama ni kidogo kidogo, hata ukirudia. Usiseme "mimi sijui mambo ya vita". Jina la yule Mmakonde aliyembeba Babu mgongoni kuvuka mto, ulikuwa ukilitaja tukila futari, nami nimelisahau. Anza na hilo.

Wako mtoto,
Mwanaisha