Makombora hayakuwa na miguu

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuandika gazetini ilikuwa 1988, nikilalamikia sukari ya mgawo. Tangu hapo nasoma na kunyamaza. Lakini ile makala yenu ya Novemba, yenye picha ya wazungu wamevaa kofia pana wakiuzunguka mzinga, imenitoa pangoni.

Mwandishi wenu alikuwa anasimulia kikosi cha mizinga mizito kilichoundwa Hull, mji wa bandari huko Uingereza, kikaletwa Afrika Mashariki 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kupigana na Wajerumani. Yeye kakiita "betri nzito ya Hull", kwa kuwa Waingereza kikosi cha mizinga hukiita battery. Mjukuu wangu, mtoto mwenye akili timamu, akaniuliza kama hiyo betri ilikuwa ya lori au ya sola. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, Mhariri. Tuna neno mzinga, tuna neno kikosi, yote mawili mazima hayajaota kutu. Mnayahifadhia nini?

Hilo la betri nalisamehe. Linalonikaba ni pale aliposema vijana wa Hull waliipitisha mizinga yao porini kwa jasho lao. Jasho la nani? Mvua za 1916 zilizamisha malori kwenye tope. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o kwa maelfu. Hao vijana wenyewe walikuwa wanatetemeka kwa malaria, na sina ugomvi nao hata kidogo, waliagizwa wakaja, na wengine wamelala huku huku. Lakini kombora halina miguu. Malori yakikwama na wanyama wakifa, linapanda kichwani kwa mtu. Mtu huyo kwenye makala yenu hayumo, hata kwa nusu mstari.

Babu yangu alikuwemo. Kwanza walimkamata Wajerumani wakambebesha mizigo yao. Walipokimbia wakamwacha, na Waingereza wakamwokota yeye na kaka yake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 50, kilo 22 na ushei, na alikuwa bado hajaweka juu yake chakula chake wala blanketi. Babu alikufa mimi niko darasa la saba, na mpaka anakufa alikuwa na upara wa duara utosini, mahali ngata ilipokaa; nywele zilikataa kurudi. Alikuwa hali ugali usioiva vizuri, anausukuma pembeni bila kusema neno. Nilikuja kuelewa ukubwani: wapagazi walikuwa wakipewa unga wa mahindi bila muda wala kuni za kuuivisha, wakaharisha damu, na maradhi ndiyo yaliyowamaliza kuliko risasi. Kaka yake alibaki njiani kuelekea Rufiji, masika ya 1917. Babu alisema walimfunika kwa majani kwa sababu msafara ulikuwa hausubiri.

Sasa sikiliza, Mhariri. Miaka tisa iliyopita nilipanda basi alfajiri kwenda Dar es Salaam kumtafuta huyo babu mkubwa kwenye maandishi. Nikaenda ofisi moja ya kumbukumbu ambayo sitaitaja. Nikakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba. Kijana akaniita, akaniuliza marehemu alikuwa kikosi gani. Nikasema alikuwa mpagazi. Akauliza namba yake ya jeshi. Nikamwambia mpagazi, mwanangu, alikuwa anabeba makombora ya Waingereza. Kijana akacheka, si kwa ubaya, akaniambia: "Mzee, wapagazi nenda Kariakoo, utawakuta mpaka uchoke." Na wenzake wakacheka. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba hilo jina Kariakoo lenyewe ni hao hao! Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliweka pale kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifinyanga jina hadi likawa soko. Kijana wa watu alinipa jibu sahihi bila kujua. Nilitoka nikanunua maji ya chupa, nikarudi Korogwe.

Na mkipita pale Posta, Dar es Salaam, itazameni sanamu ya Askari, ya kuwakumbuka waliopigana vita hiyo. Ya tangu 1927, bunduki mkononi, anapendeza. Yuko peke yake. Nairobi wana sanamu tatu, mmoja wao mpagazi, na maandishi yao yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Sisi tumesimamisha mtu asiye na hiyo miguu wala hiyo mikono, kisha tumemzungushia magari. Na hapo sijaanza kusema habari za maegesho.

Hesabu ya Waingereza wenyewe ilitaja wapagazi zaidi ya 44,000 waliokufa upande wao. Wapo wanahistoria wanaofikisha karibu 100,000. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa majina popote. Miaka mia moja na ushei kukiri! Na mwandishi wenu, Mswahili mwenzangu, hajafika hata hapo walipofika wao.

Sidai fidia wala ukurasa wa mbele. Naomba huyo mwandishi aje Korogwe masika yajayo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Tutaugawa nusu kwa nusu, aubebe kichwani hadi Handeni kwa miguu, kwa unga nitakaompa mimi, kuni ajitafutie. Akifika aandike upya ile makala, na neno betri asilitumie.

Saruji nanunua mimi. Ngata aje na yake.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe