Historia ya Mkunazini isemwe yote

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa hapa Unguja palipokuwa soko la watumwa, ilinipendeza, ila mlipoandika kwamba Ukristo uliupinga utumwa tangu siku zake za mwanzo, nikaiweka chini. Mimi ni Mwanglikana wa Mbweni, wazee wangu ni katika wale waliotolewa majahazini wakaletwa hapa, na nimesomesha dini mpaka nikastaafu. Ningependa iwe kweli. Si kweli.

Waraka wa kwanza wa Petro unawaambia watumwa wawatii mabwana zao, hata walio wakali. Paulo alimrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni akiomba apokewe kama ndugu. Amri ya wazi ya kumwacha huru humo haimo. Mwanzoni mwa karne ya 4 maaskofu wa Hispania walikutana Elvira, wakatunga kanuni juu ya bibi anayempiga mjakazi wake kwa hasira hata akafa ndani ya siku 3. Akiwa alikusudia kumuua, anyimwe komunyo miaka 7. Kama hakukusudia, miaka 5. Huo ndio uzito wa roho ya mjakazi! Na kuhusu kupiga kwenyewe, kanuni ile haisemi kitu. Karne hiyohiyo, mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Gangra, katika Uturuki ya leo, ukamlaani yeyote atakayemfundisha mtumwa kumdharau bwana wake na kuacha kazi kwa kisingizio cha uchaji.

Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa zama hizo, aliwakemea mabibi ambao kelele za majumbani mwao, wakiwapiga wajakazi, zilifika hadi njiani. Lakini naye hakukataza kupiga, alitaka kiasi tu. Ninayemvulia kofia ni askofu Gregori wa Nyssa, ambaye karibu na mwaka 380 aliuliza ni bei gani inayotosha kumnunua mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Maaskofu wenzake hawakuligeuza swali hilo kuwa kanuni.

Vijana wetu huulizwa mambo haya barazani na wenzao Waislamu, wakaduwaa, kwa sababu sisi walimu tuliwapa Askofu Steere aliyelijenga kanisa hilo, na soko la watumwa lililofungwa 1873, basi. Wanaotembeza wageni nao huishia hapohapo, pale mbele ya altare penye duara la marumaru, panaposemwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Elvira na Gangra zitajwe papo hapo. Nanyi, tafadhali, sahihisheni sentensi ile katika toleo lijalo.

Mwalimu mstaafu,
Mbweni, Unguja