Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: tauni ikija, mahakama zisifungwe zote kwa tangazo moja

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Nakuandikia kabla ya tauni kuingia, kwa sababu ikishaingia hutapata nafasi ya kusoma barua ya wakili. Utaletewa karatasi ya aya mbili: vikao vyote vya mahakama vimesimamishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo, wananchi wawe na subira. Utaisaini, maana watu watakuwa wanakufa na kila ofisi inafunga milango. Ombi langu ni kwamba karatasi hiyo iandikwe upya sasa hivi, wakati majaji, madaktari na wakuu wa magereza bado wanaweza kukaa meza moja bila hofu.

Sipingi kuahirisha vikao. Julai 1577, kesi zilipokuwa zikisikilizwa mjini Oxford, Uingereza, homa iliyotoka gerezani iliingia ukumbini pamoja na washtakiwa. Ndani ya wiki chache watu wapatao 300 walikuwa wamekufa, akiwamo jaji Sir Robert Bell. Haikuwa tauni, wengi huamini ilikuwa homa inayoenezwa na chawa. Lakini ilionyesha wazi kwamba ugonjwa wa gerezani haukomi getini. Siku ya kesi hupanda na mshtakiwa hadi mbele ya meza ya jaji.

Tazama siku ya kutaja kesi inavyokwenda. Karandinga linafika asubuhi, mahabusu wanashuka wamefungwa pingu wawili wawili na kusukumwa kwenye chumba chenye kidirisha kimoja juu kabisa. Koridoni wamebanana ndugu, wadhamini na mawakili, kila mmoja akinyoosha shingo kusoma orodha iliyobandikwa ukutani. Baada ya saa kadhaa karani anaita jina. Mshtakiwa anasimama kizimbani, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine. Dakika mbili, basi. Kwa ajili ya dakika hizo mbili umati mzima umekoholeana tangu asubuhi. Hili ndilo la kuondolewa siku ya kwanza, na wala sioni kwa nini tusubiri tauni kuliondoa. Hakimu anaweza kwenda gerezani na jalada lake, akazungumza na mahabusu uwanjani, mmoja mmoja, kwa umbali.

Kabla ya kufunga chochote, daktari aulizwe kwanza ni tauni ya aina gani. Tauni ya mitoki, yaani ya kuvimba tezi, huletwa na viroboto wa panya, na kwa kawaida haimrukii mtu kwa sababu tu amekaa karibu na mgonjwa. Tauni ya mapafu ndiyo inayosafiri kwa matone ya kikohozi, na asiyetibiwa mapema karibu kila mara hufa. Kama ni ya mapafu, ukumbi uliojaa ni hatari kubwa na ufungwe leo, si kesho. Kama ni ya mitoki, hatari kubwa iko kwingine: masjala zenye majalada ya miaka mingi ambamo panya wamejenga, na stoo za chakula za magereza. Na panya wasiuawe ovyo. Panya akifa, viroboto wake humhama wakatafute damu nyingine, kwa hiyo dawa ya viroboto hutangulia, panya hufuata.

Hapo ndipo tangazo la jumla linaponitia hofu. Linamrudisha jaji nyumbani kwake salama, linamwacha mahabusu kwenye selo iliyofurika. Kwake yeye kuahirishwa kwa kesi si kukingwa na tauni. Huenda akawa amefungiwa nayo chumba kimoja, na mtu pekee mwenye mamlaka ya kumtoa, yaani hakimu, ameambiwa asije kazini.

Neno ninaloomba lisionekane kabisa kwenye karatasi hiyo ni "hadi itakapotangazwa vinginevyo". Tauni ina kalenda yake. Dalili hujitokeza kati ya siku 1 na 7 baada ya kuambukizwa, na antibayotiki zinaitibu vizuri zikiwahi. Mwaka 2017 Madagascar ilipata mlipuko mkubwa, mwingi wake ukiwa wa mapafu: wagonjwa zaidi ya 2,400 walioripotiwa na vifo 209 kati ya Agosti na Novemba. Ulikuwa mlipuko wa kutisha, lakini mwisho wa Novemba ulikuwa umedhibitiwa. Sasa kama ugonjwa wenyewe huhesabiwa kwa wiki na miezi, kwa nini kesi ipigwe kalenda bila tarehe? Ahirisho liwe la siku 14, lipitiwe upya na jaji akiwa na daktari, na likiongezwa sababu zitajwe hadharani. Kila jalada litoke na tarehe mpya. Ndugu anayefika mahakamani na kukuta kufuli na karatasi isiyo na tarehe hana pa kuanzia, na jalada lisilo na tarehe ndilo hupotea.

Yapo mambo yasiyoweza kungoja hata siku hizo 14. Mtu aliyekamatwa jana lazima afikishwe mbele ya hakimu. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inadai hivyo, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2014 kwamba saa 48 kwa kawaida zinatosha, na kwamba haki ya mfungwa kuitaka mahakama ichunguze uhalali wa kizuizi chake haipunguzwi hata wakati wa hali ya hatari. Maombi ya dhamana yasingoje. Mwanamke anayeomba amri ya kumzuia mumewe asimpige asingoje, hasa wakati watu wameamriwa kukaa ndani na yeye amefungiwa na huyohuyo anayempiga. Muda wa ukomo wa kufungua mashauri na rufaa usimamishwe kwa amri iliyo wazi, ili asije akatokea wa kumwambia mjane aliyeshindwa kufika masjala kwamba amechelewa.

Juu ya video nina maneno machache. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilisaidia sana, na kwa kutaja kesi au kusikiliza dhamana inatosha. Lakini Mei mwaka huohuo, Lagos na Singapore, watu walihukumiwa kifo kupitia Zoom. Hapana, Mheshimiwa. Mtu anayenyang'anywa uhai au miaka yake yote hastahili kuambiwa na sura inayokatika-katika kwenye kioo. Kesi za namna hiyo ziahirishwe, au zihamishiwe mahali pasipo na maambukizi. Kuhamisha si jambo geni. Novemba 1603, tauni ikiwa London, kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh, mtu mashuhuri wa Uingereza wa enzi hizo, ilisikilizwa katika mji mwingine, Winchester. Haki haikutendeka vizuri katika kesi ile, lakini si kwa sababu ya umbali.

Zaidi ya yote, nakuomba uanze na waliomo ndani. Siku mlipuko unapothibitishwa, kila hakimu apewe orodha ya mahabusu wake na apitie jalada moja baada ya jingine: nani ana dhamana aliyoshindwa kuitimiza kwa sababu ya umaskini tu, nani ameshakaa ndani muda unaozidi adhabu ya kosa lenyewe, nani ni mjamzito, mzee au mgonjwa. Hao wapunguziwe masharti au waachiwe, wakiwa wamepimwa na kupewa dawa ya kinga ya siku 7 ikiwa walikaa karibu na mgonjwa. Kazi hii haihitaji umati. Inahitaji majalada, kalamu na hakimu aliyeruhusiwa kuingia ofisini.

Rasimu ikiwa tayari, ibandikwe palepale zinapobandikwa orodha za kesi, na nakala ifike kwa mkuu wa kila gereza na isomwe kwa sauti ndani ya kila selo. Wenye la kusema, wakiwamo mahabusu, wapewe mwezi mmoja walete maoni kabla hujaisaini.

Wako mtiifu,
Wakili wa msaada wa kisheria kwa mahabusu