Makasi, konokono na watoto wa Jumamosi

Umoja, Nairobi

Mpendwa Rehema,

Pokea salamu nyingi, dada. Sisi huku tu wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Natumai Kilifi nanyi hamjambo, na mama amepata nafuu.

Umeniuliza kama inafaa kuwafundisha wanafunzi wako wa Gredi ya 3 kazi za mchoraji wa ng'ambo. Inafaa, tena sana, ila nina sharti moja: usiwape picha yake wainakili. Nimeona madarasa ambako mwalimu anagawa umbo lililokwisha chorwa, watoto wanajaza rangi, na mwishowe ukutani panatundikwa picha zinazofanana kama sare za shule. Hapo mtoto amejifunza kutovuka mstari, basi. Wape namna mchoraji alivyofanya kazi, kisha waache.

Sisi hapa mtaani, mimi na watoto ninaowafundisha sanaa ukumbini kila Jumamosi, tulimchagua Henri Matisse, Mfaransa, kwa sababu ya makasi. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Tangu hapo kusimama mbele ya turubai kukawa taabu, na muda mwingi alikuwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Wasaidizi wake wakawa wanampakia karatasi rangi, hii nyekundu nzima, ile kijani nzima, naye anazikata papo hapo bila kutangulia na penseli. Vipande vilibanwa ukutani kwa pini. Akiviangalia, anasema kile kisogezwe, hiki kishushwe kidogo. Gundi ilikuja mwisho kabisa. Watoto walipoisikia habari hiyo hawakumwonea huruma hata kidogo. Walitaka kujua nani alikuwa akimshikia karatasi.

Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya kufa, alitengeneza konokono wake wa vipande vya karatasi, ambaye sasa yuko London katika jumba la sanaa la Tate. Kila upande wa picha hiyo unakaribia mita 3. Usiwatajie tu kipimo hicho. Chukua kamba, pimeni sakafuni, watoto wakae ndani ya mraba huo. Wangu walienea wote na nafasi ikabaki, na kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini vipande ni vikubwa hivyo.

Matisse alianza kwa kumshika konokono halisi mkononi na kumchora. Nasi tukaenda kwenye sukuma wiki nyuma ya ukumbi, maana msimu huu wamejaa huko. Watoto walitazama gamba linavyojizungusha, wakafuata mzunguko kwa kidole hewani. (Wanawe mikono kwa sabuni baadaye, tafadhali.) Ndipo wakaona kwamba kwenye picha yake hakuna gamba wala pembe, kuna vipande vya rangi vinavyopita kwa kuzunguka, na macho yako yanamalizia konokono yenyewe.

Vifaa visikutishe. Karatasi tunaziomba kwa wapiga chapa wa River Road, wanazo nyingi zilizokatwa pembeni. Rangi ni ile ya unga, tunaipaka kwa vipande vya sponji ya godoro kuukuu. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Karatasi ikikauka hujikunja, kwa hiyo ilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito.

Sehemu ninayoipenda kupita zote ni ile ya kusogeza. Usiruhusu gundi mezani mapema. Mwambie mtoto aweke kipande cha rangi ya chungwa juu ya manjano, kisha akihamishie juu ya buluu. Juu ya buluu kinawaka. Ni vivyo hivyo kwa nyekundu na kijani, au manjano na zambarau, na Matisse alizipanga rangi za konokono wake akilijua jambo hilo vizuri. Kuna msichana mmoja mkimya, huwa hamalizi kazi, aliyesogeza vipande vyake asubuhi nzima. Konokono wake akageuka matatu inayopiga kona, magurudumu ya zambarau kwenye barabara ya manjano. Sikumrekebisha. Mama yake ameitundika sebuleni.

Lakini wewe, Rehema, usifanye konokono. Una bahari! Matisse alizuru Tahiti mwaka 1930, akaogelea, akatazama samaki na matumbawe. Miaka 16 ilipita. Siku moja mwaka 1946, nyumbani kwake Paris, alikata mbayuwayu wa karatasi nyeupe akambandika ukutani kufunika doa. Akaongeza mwingine, kisha samaki, kisha mwani, hadi ukuta ukajaa ile bahari aliyoiona zamani. Watoto wako hawahitaji kukumbuka kutoka mbali hivyo. Wapeleke ufukweni maji yakitoka, waangalie mwani, pweza, kaa. Mkirudi darasani, tafuteni ukuta wenye madoa, na najua hamtaukosa.

Wakimaliza, nitumie kazi chache kwa basi, nasi tutawaletea zetu. Usizikunje. Ziviringe pamoja ndani ya gazeti, uandike jina la kila mtoto kwa nyuma, maana wangu watauliza nani amekata nini.

Nisalimie mama na majirani.

Ni mimi dada yako,
Wanjiru