Kasuku apimwe kwanza, tundu lichomelewe baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wafugaji wa kasuku wa Mtwara na Lindi. Matundu mengi yanayochomelewa huku kwetu hukatwa kwa kufuata kipande cha chuma kilichobaki kwa fundi, wala ndege hapimwi. Anayeingizwa humo hafi siku hiyo. Anaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, nyayo zinatoka vidonda, siku nyingine anatapika. Mwenye ndege anasema ni mdondo, anamnywesha dawa za kuku, kumbe ugonjwa umo kwenye waya.

Kwanza ujulikane ni ndege gani. Yuko kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, mwenyeji wa ukanda huu wa pwani; akiruka, chini ya mbawa huonekana njano. Urefu wake kutoka kichwani hadi mkiani ni kama sentimita 22. Wako cherero, wale wa sentimita 15 hivi wanaopenda kukaa wawili wawili. Na yuko kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, sentimita 33, anayesifika kwa kusema; huyo si wa huku, kwao ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Kabla hujamwita fundi, hakikisha una kibali cha kumweka ndege huyo, maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamgusa kasuku kama inavyomgusa swala. Kasuku wa kijivu, tangu 2017, yumo katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa mwituni imepigwa marufuku. Kinda anayepitishwa barabarani ndani ya boksi mara nyingi ametolewa kwenye shimo la mti. Ukimnunua, umeagiza mwingine.

Haya, vipimo. Upana wa tundu usipungue mara moja na nusu ya urefu wa mbawa zote mbili zikikunjuliwa. Ili kuupata, watu wawili wanatosha. Mmoja amshike ndege kwa taulo, mwingine akunjue bawa moja polepole na apime kuanzia katikati ya mgongo hadi ncha ya unyoya mrefu, kisha azidishe mara mbili. Anayeshika asikibane kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hewa inaingia kwa kifua kutanuka, na mkono ukikaza hapo anakosa pumzi ndani ya dakika chache huku ametulia tuli, mtu akidhani ametii.

Kasuku wa kijivu mbawa zake hufika kama sentimita 50, kwa hiyo 75 ndiyo chini kabisa. Sisi tunashauri upana wa 90, kina cha 60 na kimo cha 120. Yule mdogo wa kichwa cha kahawia apewe 60 kwa 60 kwa 75 ikiwa anatolewa nje kila siku kwa saa kadhaa. Asipotolewa, upana uanzie 90. Cherero wawili wanahitaji upana wa 80, kwa sababu ni warukaji kuliko wapandaji. Watu hupenda kuongeza kimo, tundu refu linapendeza barazani, lakini ndege huruka kwa kukata mbele, si kwa kupanda wima. Sentimita 20 za upana zina faida kuliko 40 za kimo.

Nafasi kati ya ufito na ufito ndipo mafundi wanapobania chuma, na hesabu yake inaeleza sababu. Tundu la 90 kwa 60 kwa 120, likiwa na fito za milimita 4 zilizoachana sentimita 2, lina fito 37 kwa mbele na 37 kwa nyuma, 49 za kulala kwa kila ubavu, na 37 za juu. Ukijumlisha unapata karibu mita 170 za chuma, bado fremu, mlango na trei. Fundi akiachanisha kwa sentimita 4 anaokoa karibu nusu ya chuma na nusu ya kazi, na kwa mbali tundu linaonekana lilelile. Lakini kwa sentimita 4 ndege anapenyeza kichwa, akitaka kurudi taya linagota, anahangaika mpaka shingo inajeruhika. Kwa cherero nafasi iwe sentimita 1.2, kwa kasuku mdogo 1.5 hadi 2, kwa wa kijivu 2 hadi 2.5. Nenda kwa fundi na rula, pima mahali pengi, hasa karibu na mlango na kwenye pembe, kwa kuwa ufito mmoja uliopinda unatosha kuleta msiba. Unene nao usidharauliwe. Waya wa milimita 2 unamfaa cherero. Kasuku wa kijivu anaupinda kwa mdomo na kuukata pale ulipochomelewa, na ncha inayobaki inamchoma yeye mwenyewe.

Fito za ubavuni zilale, kwa sababu kasuku hupanda kwa mdomo na miguu kama anayekwea ngazi. Zikisimama zote, anateleza mpaka chini. Umbo liwe la pembe nne. Matundu ya duara, na yale yenye paa la kuba, fito zake hukutana juu na nafasi inabanana kidogo kidogo hadi kuwa ncha, na hapo ndipo vidole na mdomo hunasa. Isitoshe, ndege anayekaa ndani ya duara hana kona ya kujisitiri anapoogopa.

Sasa chuma chenyewe, na hapa tunaomba msomaji asome polepole. Waya unaong'aa kama bati jipya umepakwa zinki ili usishike kutu. Kuku haumdhuru sana kwa kuwa kuku hautafuni. Kasuku kutwa nzima anashika waya kwa mdomo, anaulamba, anaubanjua. Ukiuangalia kwa karibu utaona vitone vya zinki vilivyoganda kwenye viungo kama matone ya mshumaa, na baada ya miezi ya hewa ya bahari utaona unga mweupe ukifutika kwa kidole. Vitone na unga huo ndivyo anavyovimeza. Dalili zake ni kunywa maji kupita kawaida, kinyesi cha majimaji, kutapika, miguu kulegea, na mwishoni kutetemeka kama mwenye kifafa. Ukiziona, mtoe humo siku hiyohiyo, muweke hata kwenye boksi lenye matundu ya hewa, na umpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na kipande cha waya mkononi, la sivyo ataanza na dawa za minyoo.

Aliye na tundu la waya wa zinki na hana uwezo wa kulibadili leo apunguze hatari. Lisuguliwe lote kwa brashi ngumu na siki, viungo vipitiwe kimoja kimoja, vitone vikwanguliwe kwa tupa, lioshwe kwa maji mengi na kuanikwa juani, kisha kazi irudiwe mara ya pili. Siki inaondoa unga na vilivyolegea. Zinki iliyoshikamana inabaki, kwa hiyo ndege anayetafuna sana bado hayuko salama.

Rangi ya mafuta ya madukani si dawa. Ikikauka inabanduka vipande chini ya mdomo wa kasuku, na rangi za zamani, pamoja na risasi ya kulehemu, zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kali kuliko zinki. Kinachofaa zaidi kwa pwani yetu ni chuma cha pua, wanachokiita mafundi stenlesi. Ni ghali, lakini kwa Mikindani au Shangani, ambako upepo wa bahari unakula hata bawaba za milango, ndicho peke yake kinachodumu. Mwambie fundi aunganishe kwa fimbo ya kuchomelea ya stenlesi vilevile. Akitumia ya chuma cha kawaida, fito zitabaki safi na viungo vitaota kutu. Fedha ikipungua, afadhali chuma kitupu cha milimita 4 kisichopakwa kitu, kinachopigwa msasa na kuoshwa kila kutu inapoanza, kuliko zinki au rangi ya kubahatisha. Kila kiungo kipitishwe tupa na kikaguliwe kwa kukipangusa na pamba. Pamba ikinasa, hapo pana ncha.

Mlango uwe na nafasi ya mkono wako kuingia na kutoka ndege akiwa amekaa juu ya mkono huo: sentimita 20 kwa 25 kwa mdogo, 30 kwa 35 kwa wa kijivu. Ufunguke kwa bawaba upande mmoja. Milango ya kupandisha na kuachia huporomoka, na tumeona shingo na miguu ikipata taabu kwa sababu hiyo. Komeo la ndoano kasuku hulijifunza haraka. Tia kufuli ndogo.

Vijiti vya kukalia visiwe bomba la plastiki wala mpini wa fagio. Kijiti laini chenye unene mmoja humfanya akanyage sehemu ileile ya unyayo kila siku, ngozi inakwisha, kidonda kinaingia usaha. Kata matawi ya mpera au mchungwa yasiyopigwa dawa, yenye unene tofauti: sentimita 1.5 hadi 2.5 kwa mdogo, 2.5 hadi 4 kwa wa kijivu. Vidole vikizunguka kijiti visikutane. Yasuguliwe kwa sabuni, yasuuzwe, yaanikwe yakauke kabisa. Tafadhali sana, mkorosho usitumike, ingawa ndio mti ulio karibu kuliko yote katika mikoa yetu. Utomvu wake una mafuta makali yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji, na kasuku hatavaa glavu. Korosho ghafi yenye ganda isimkaribie kabisa. Mnyaa nao, ule wa uzio wenye maziwa, usiguswe. Panga vijiti viwili au vitatu kwa urefu tofauti, kijiti chochote kisiwe juu ya bakuli, na kila kimoja kiwe mbali na ukuta wa tundu kiasi cha mkia kupita bila kusugua.

Mabakuli yawe matatu, ya stenlesi: maji, nafaka, na matunda au mboga. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Kwa joto letu, maji yaliyoangukiwa na ganda la papai yanachacha kabla ya alasiri. Chini pawe na wavu wa kumtenga ndege na kinyesi, halafu trei ya kuvuta, juu yake gazeti linalobadilishwa kila siku. Pumba za mbao zisitumike. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, zinashika unyevu na kuota ukungu, na ukungu huo ukivutwa huota ndani ya mapafu ya ndege. Gazeti lina faida nyingine: asubuhi unasoma rangi na umbo la kinyesi kabla hujalikunja.

Vitu vya kuchezea havihitaji kununuliwa. Kumbi la nazi, gunzi la mahindi lililokauka na kipande cha mpera chenye gome ni kazi ya siku nzima kwa kasuku. Kamba za manila zenye nyuzi zilizochambuka ziondolewe. Uzi mmoja ukizunguka kidole unazuia damu, na kufikia jioni kidole kimekuwa cheusi.

Tundu likae mahali penye watu, upande mmoja ukiwa karibu na ukuta bila kuugusa, kijiti cha juu kikiwa usawa wa kifua chako. Lisikae jikoni. Mapafu ya ndege yameunganishwa na mifuko ya hewa, na sumu kidogo ya moshi inamfikia kwa kasi kuliko inavyotufikia sisi. Sufuria zile zisizoshika chakula zikiungua bila kitu ndani hutoa hewa inayoua kasuku kwa dakika chache. Dawa ya mbu ya kuwasha au kupuliza na moshi wa mkaa ni hatari nyingine za kila siku. Kwa wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na kwingineko, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho tundu liingizwe ndani, madirisha ya upande wa shamba yafungwe, na lisitoke mpaka vumbi litulie. Hali kadhalika siku ya kukaanga korosho zenye maganda uani; moshi ule hata mtu mzima unamtoa machozi.

Usiku lifunikwe kwa khanga pande tatu, upande mmoja uachwe wazi kwa hewa, ndege alale kwa muda wa saa 10 hadi 12. Miguu ya tundu isimamishwe ndani ya makopo manne yenye maji na mafuta kidogo juu yake, kwa sababu siafu wakipanda usiku ndege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Makopo yasiguse ukuta, wala khanga isining'inie mpaka sakafuni, maana siafu wakipata daraja la uzi mmoja wanavuka.

Wako,
Wafugaji wa ndege,
Mtwara