Kwa mdogo wangu anayemeza Flagyl kila akihara damu

Mdogo wangu,

Dozi tatu za Flagyl kutoka duka la dawa, na choo bado kina damu na kamasi. Ya nne usinunue. Huenda huna amiba kabisa. Huenda ni kinga yako inayogombana na bakteria wa tumbo lako mwenyewe.

Ukuta wa utumbo mpana ni safu moja tu ya seli, iliyopakwa ute wa matabaka mawili. La nje bakteria wanaishi humo. La ndani, linaloshikana na ukuta, kwa kawaida halina bakteria karibu kabisa. Nyuma ya ukuta kuna seli za kinga, na baadhi yake kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Bakteria nao huchangia utulivu huo: wakichachusha nyuzinyuzi za maharage, mboga na dona, hutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta ule, ambacho pia huongeza zile seli za kutuliza.

Ute ukichakaa, bakteria hugusa ukuta. Seli za kinga hutoa kemikali kama TNF, seli nyeupe humiminika kutoka kwenye damu, na sumu zao huunguza bakteria na ukuta kwa pamoja. Kidonda kinapitisha bakteria wengine, moto unaongezeka. Panya walionyimwa jeni ya IL-10, ambayo ni breki ya kinga, huugua utumbo. Wakilelewa bila bakteria hata mmoja, hawaugui. Ili ugonjwa utokee, lazima pande zote mbili ziwepo: kinga isiyo na breki, na bakteria.

Sasa Flagyl huua hasa bakteria wasiotaka oksijeni, na watengenezaji wazuri wa butireti ni wa kundi hilohilo. Unapata nafuu ya wiki, lakini unawapunguza waliokuwa wanakusaidia.

Nenda ukapimwe. Choo kitoe palepale maabara, usikibebe kutoka nyumbani asubuhi: amiba hai huonekana vizuri kikiangaliwa ndani ya nusu saa, baadaye anakufa na jibu linatoka "hakuna". Omba na kipimo cha choo cha kalprotektini, protini ya seli nyeupe. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo, uvimbe wa utumbo, yaani ule moto wa kinga, si rahisi kuwepo. Juu ya 250, upo, ingawa maambukizi pia huipandisha. Kisha kamera ya kuangalia ndani ya utumbo, na vinyama vya kupima vichukuliwe hata mahali panapoonekana pazima.

Usikubali steroidi, dawa za kutuliza kinga, kabla amiba haijaondolewa kwenye hesabu, maana dawa hizo zikikutana na amiba utumbo unaweza kutoboka. TB ya utumbo nayo hufanana mno na ugonjwa wa Crohn, mmojawapo wa magonjwa haya ya kinga kuchoma utumbo, na dawa za kuzuia TNF zinazoutibu zinaweza kuamsha TB iliyolala. Ndiyo maana hupimwa kwanza. Hapa kwetu hilo si la kupuuza.

Diclofenac, ile dawa ya maumivu ya mgongo, iache, huchokoza utumbo. Na nyuzinyuzi nilizozisifu usizifakamie sasa hivi: utumbo uliosinyaa kwa makovu unaweza kuziba.

Ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, ukiwa na homa inayopita 37.8 au mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, usingoje miadi. Hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kaka yako